Usikubali hiyo simu iflashiwe

Dada uliyeuliza kuhusu kumbukumbu ya mwaka mmoja ya kaka yako aliyechukuliwa na maji Mai Mahiu, Kenya, Aprili 2024: nenda kachukue simu yake kwa fundi leo hii. Umeandika mengi kuhusu hema, chakula, mchungaji na bango, halafu mwishoni ukagusia tu kwamba simu iliyotolewa kwenye tope "itaflashiwa tupate picha ya bango". Hapo nilitetemeka. Kuflashi, yaani kuiwekea simu programu yake upya, hakutoi picha, dada. Mara nyingi kunazifuta.

Mimi ni wa Katesh, Tanzania. Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023, Mlima Hanang ulimeguka kwa mvua, tope likashuka na mawe na magogo, likaua watu zaidi ya 80. Mama yangu alikuwamo. Nyumba ilikwenda na albamu zote, mpaka picha ya harusi iliyokuwa ukutani. Kilichorudi ni simu yake. Nilikabidhiwa ikiwa kwenye kipande cha kitenge, tundu la chaji limejaa udongo.

Mama aliimba sauti ya pili kwaya. Mazoezi ya Jumamosi alikuwa anayarekodi ili ayasikilize akipika. Kwa hiyo humo ndani kulikuwa na mazoezi ya jana yake, tarehe 2. Nilijua yamo. Nikampa fundi, nikamwambia nataka iwake. Akasema, "Bro, niachie, hakuna kitakachopotea." Nikalipa 45,000 na kumshukuru juu. Jioni simu ikawaka safi, ikaniuliza nichague lugha.

Sikuelewa. Nikachagua Kiswahili kwa sababu ndicho alichotumia, nikakaa nasubiri picha zitokee.

Hasira na yule fundi ninayo hadi leo. Anayeflashi simu kila siku anajua anachokifuta. Angeniuliza swali moja tu: kuna vitu unavihitaji humu? Na msiniambie ningeuliza mimi. Nilikuwa nimetoka kuzika.

Nimekuja kujua baadaye kwamba simu kugoma kuwaka si picha kufa. Zimo kwenye chipu ndani ya bodi. Lakini simu za sasa hufunga vilivyomo kwa ufunguo unaokaa humo humo. Ufunguo ukifutwa, hakuna programu itakayovirudisha. Kwa hiyo usiichomeke kwenye chaji, na umwambie fundi waziwazi: sitaki simu ipone, nataka vilivyomo. Akitaja kuflashi, ichukue uondoke. Angalia kama ina kadi ya memori, na kama kuna anayejua nywila ya barua pepe yake, huenda picha zilijihifadhi huko.

Na kabla ya hema, kabla ya bango, zungukia simu za watu wengine. Waliosoma naye, waliofanya naye kazi, makundi ya WhatsApp ya familia. Fanya sasa, watu hubadilisha simu na kufuta ili kupata nafasi. Mimi nilianza nimechelewa, miezi saba baadaye. Mwanakwaya mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa na video ya sekunde 40 ya mazoezi ya Oktoba. Mama haonekani, amezibwa na mtu. Ila kuna mahali wanakosea kuingia, wimbo unakatika, na anayecheka ni yeye.