"Amanda" ni wimbo wa nani?

SWALI: Shikamoo Mzee. Baba yangu ni mpenzi mkubwa wa Don Williams, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, na mwezi ujao anastaafu. Ningependa kumpa zawadi ya albamu yenye "Amanda" na "I Recall a Gypsy Woman", lakini kila nikitafuta naletewa mikusanyiko ya nyimbo bora, kila mmoja na jalada lake. Isitoshe, mwenzangu kazini anashikilia kuwa "Amanda" ni ya mwimbaji mwingine wa kantri, Waylon Jennings, na kwamba Don aliichukua tu. Nani mkweli? Na je, Don aliwahi kuimba Afrika?
Msomaji wa kike, Nakuru

JIBU: Marahaba, binti yangu. Albamu unayoitafuta inaitwa Don Williams Volume One. Ilitoka mwaka 1973, na ndiyo ya kwanza aliyoitoa kwa jina lake mwenyewe. Nyimbo zote mbili ulizotaja zimo, na ndani yake utakuta pia "Come Early Morning" na "The Shelter of Your Eyes". Achana na mikusanyiko. Niliuza kaseti na santuri kwa miaka mingi, na niliona jinsi mikusanyiko ile inavyochanganya za mwanzo na za baadaye hadi msikilizaji asijue mtu huyu alianza vipi.

Tuje kwa huyo mwenzako. Aliyetunga "Amanda" ni Bob McDill, si Don wala Waylon. Don aliitoa mwaka 1973, tena kwenye upande wa pili wa santuri ya "Come Early Morning", na kwenye chati za kantri za Marekani ikaishia nafasi ya 33. Waylon aliirekodi mwaka 1974, kisha toleo lake likatolewa upya mwaka 1979 na kupanda hadi namba moja. Ndiyo maana watu wengi huihesabu kuwa yake. Kwa hiyo Don hakumwiga Waylon. Yeye ndiye aliyetangulia.

Mimi nampenda Waylon, lakini kwa wimbo huu nampa Don. Sikiliza kinachosemwa: mwanamume alipata gita lake la kwanza akiwa na umri wa miaka kumi na minne, sasa anakaribia thelathini na bado anavaa jinzi. Anajitazama kiooni, anaona nywele zimefika mabegani na umri umeingia machoni, anakumbuka kwamba Amanda angestahili kuolewa na mtu wa maana kuliko yeye. Maneno kama hayo mwimbaji mwingine angeyalilia. Don hayalilii. Anayasema kwa sauti ileile nzito ya chini, polepole, kama mtu anayeongea na mkewe baada ya watoto kulala, na uchungu unakufikia wenyewe bila kusukumwa.

Utulivu huo haukuwa bahati. Don, mzaliwa wa Floydada, Texas, hakuwa mgeni alipoingia studioni. Miaka ya 1960 alikuwa mmoja wa waimbaji watatu wa Pozo-Seco Singers, kundi lililovuma mwaka 1966 kwa wimbo "Time". Kundi lilipovunjika akaajiriwa Nashville, mji mkuu wa muziki wa kantri, kuwatungia wengine nyimbo, kwenye kampuni ya prodyuza Jack Clement. Mwaka 1972 Clement akamsajili kama mwimbaji kwenye lebo yake ndogo ya JMI. (Clement huyohuyo ndiye aliyemsaidia mwimbaji mweusi Charley Pride kuingia kwenye lebo kubwa ya RCA miaka ya 1960, wakati watu weusi hawakuwa na nafasi katika kantri. Mzee huyo alikuwa na sikio!) Prodyuza wa Volume One alikuwa Allen Reynolds, ambaye mwaka 1989 alisimamia pia albamu ya kwanza ya nyota wa kantri Garth Brooks.

Siku zile Nashville ilipenda kumfunika mwimbaji kwa vinanda vya nyuzi na kwaya. Hapa Reynolds aliacha nafasi. Gita linapigwa kwa wepesi, ngoma haijigambi, sauti inakaa mbele. Nadhani hiyo ndiyo sababu mojawapo Don alipendwa sana kwetu Kenya: hata kwenye redio ndogo ya betri, kila neno lilisikika. "I Recall a Gypsy Woman", utungo wa McDill na Reynolds mwenyewe, ulifanya vizuri Uingereza mwaka 1976, miaka mitatu baada ya albamu kutoka.

Ukipata santuri, angalia katikati kama imeandikwa JMI. Hiyo ndiyo ya mwanzo. Usipoipata, tafuta albamu nzima mtandaoni umchezee baba yako kwa mpangilio wake, usiruke wimbo.

Kuhusu Afrika: ndiyo. Mwaka 1997 aliimba Harare, Zimbabwe, na onyesho hilo lilirekodiwa na kutolewa kwa jina Into Africa. Kama bajeti inaruhusu, mwongezee mzee na hilo. Utaona umati wa Waafrika wakiimba naye neno kwa neno.

Akipenda kuendelea, ampe nafasi Volume Two, kisha Volume III ya mwaka 1974, yenye "I Wouldn't Want to Live If You Didn't Love Me", wimbo wake wa kwanza kufika namba moja. Mpe salamu zangu, na hongera zake kwa kustaafu.