Barua kwa mwanangu: yule dume wa Nairobi

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu Neema,

Marahaba. Huku hatujambo, ila ziwa limechafuka siku ya tatu leo. Video uliyotuma nimeitazama mara nne. Unauliza umpandishe jike wako Pili kwa yule mbwa wa Chihuahua wa Nairobi mwenye tuzo, ambaye mgeni akiingia hujificha nyuma ya kiti akibweka, au kwa dume wa jirani yako hapo Dar, mpole, lakini sikio moja limeinama.

Itazame tena pale dume wa Nairobi anapokatiza ua. Hatua tano sawasawa, kisha mguu wa nyuma wa kushoto unanyanyuka, anaruka kwa mitatu, anaunyoosha, anaukanyagia tena kama hakuna kitu. Mwenye mbwa anacheka, anasema ni maringo. Si maringo, mama. Ni pia ya goti inachomoka mahali pake na kurudi. Mbwa wadogo wanaugua sana tatizo hili, na linarithiwa. Madaktari hulipima kwa daraja, 1 hadi 4. La kwanza, pia husogea ikisukumwa kwa kidole na kurudi yenyewe. La nne, imehama moja kwa moja.

Nalijua kwa sababu niliwahi kulifumbia macho. Ulikuwa darasa la tano tulipokuwa na jike letu Kito, mwenye kichwa cha mviringo na macho yale. Alinyanyua mguu hivyo hivyo, nami nikampandisha kwa kuwa kila aliyemwona alitaka mtoto wake. Akazaa wanne. Wawili walianza kuchechemea kabla ya kufikisha mwaka. Mmoja wao nilikuwa nimemuuzia jirani. Binti wa jirani alimleta kwenye kikapu cha sokoni, amemfunika kanga, akaniuliza, "Baba Neema, mbona hataki kupanda ngazi?" Nikamshika goti, nikasikia kitu kinateleza chini ya kidole changu kama harage. Nilirudisha fedha yote. Yule mtoto hakuwa na shida na fedha, alitaka mbwa wake apone.

Tangu siku hiyo, kasoro ya sura naivumilia, maana naweza kuitafutia mwenza wa kuirekebisha. Sikio, rangi, mkia, hayo yana dawa. Kasoro inayomuuma mbwa mwenyewe siipandishi, hata awe na tuzo ukuta mzima.

Maonyesho siyadharau. Jaji mzuri anajua mgongo, meno na mwendo. Lakini mbwa hukaa mbele yake dakika chache tu. Mwaka 2012 kwenye maonyesho ya Crufts, Uingereza, washindi wa aina 15 walitakiwa kupita kwa daktari wa wanyama baada ya kuchaguliwa na jaji. Sita wakakataliwa, akiwamo mbwa wa aina ya Pekingese.

Na ule woga wa dume wa Nairobi usiambiwe ni malezi tu. Hofu nayo inarithiwa. Pili ametulia, na hilo ni nusu ya kazi, kwa sababu watoto humtazama mama yao tangu wakiwa wananyonya. Nusu nyingine ni yako, hasa kati ya wiki ya 3 na ya 12. Mimi huwabeba kikapuni hadi kwenye kivuko cha Kamanga wasikie honi, pikipiki na wachuuzi wa samaki. Siwashushi chini hata kidogo, kwa kuogopa parvo, ugonjwa wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa, maana chanjo zinakuwa bado hazijakamilika. Mara ya kwanza honi ikilia wanajikunyata wote. Mara ya tatu kuna anayeendelea kulala, na huyo ndiye ninayempa nyumba yenye watoto.

Basi mpeleke Pili na dume wa jirani kwa daktari, wapimwe magoti na moyo. Mwambie aangalie na nyonga za Pili, kwa sababu watoto wa Chihuahua wana vichwa vikubwa na majike wengi huishia kupasuliwa wakati wa kuzaa. Muulize jirani pia habari za wazazi wa mbwa wake, mmoja mmoja. Majibu yakiwa mazuri, mpandishe akiingia kwenye joto, uandike tarehe. Mimba ni siku 63 hivi. Nitapanda basi wiki ya nane nije nilale naye sebuleni, na mama yako ameshasema nisije bila dagaa.

Baba yako