Mama wa kenkayeri anauliza: Tundra V8 itaweza kazi yangu?

SWALI: Papa mekanisiani, jambo sana. Niko na kenkayeri hapa Kampemba, Lubumbashi, ninauzisha simenti, mabati na vyuma vya beto. Hilux yangu ya 2006 imechoka. Ndugu yangu mudogo mwenye iko Dubai amenitafutia Toyota Tundra ya 2014, ile pikapu kubwa, CrewMax (yenye kabini ndefu ya watu), moteri V8 ya lita 5.7, 4x4, anasema bei iko muzuri na hiyo moteri haikufe. Wenye kuwa nayo wanasema nini, uzuri wake ni gani na ubaya wake ni gani? Mimi nataka kupakia mifuko 25 ya simenti safari moja, na mara mbili kwa mwezi ninakwenda Kolwezi. Aksanti.

JIBU: Mama, jambo yako, na aksanti kwa kuuliza mbele ya kutuma feza. Wengi wananiletea gari ikiisha kufika, njo wanauliza.

Nianze na ile mifuko 25 maana jibu yako kubwa iko hapo. Mufuko mumoja kilo 50, 25 ni kilo 1250. Sasa mwambie ndugu yako afungue mulango wa shofere, aangalie kwenye nguzo pale mulango unafungia, kuna karatasi ndogo imebandikwa, nyeupe na manjano, imeandikwa upepo wa pine na chini yake uzito. Inasema watu na mizigo kwa pamoja visipite kilo fulani. Kwa CrewMax 4x4 ya V8 mara nyingi nimesoma hapo kilo 600 na kitu, zingine zinasogelea 700. Na watu wamo ndani ya ile hesabu mama! Shofere na vijana wawili wa kupakua, tuseme kilo 225, ukitoa kwenye 650 unabakia na 425, hiyo ni mifuko 8. Wewe unataka 25.

Hilux yako ile ilikuwa inabeba karibu tani moja kwenye karatasi yake. Watu hawaamini kabisa nikiwaambia hivi, wanaangalia ile mwili mukubwa, kapo iko juu mpaka kifuani, wanasema hii itabeba nyumba. Lakini wenye kuitengeneza kule San Antonio, Texas, waliifanya kwa mutu mwenye anapakia familia ndani na kuvuta remoriki (trela) nyuma, resori zake wameziacha laini ili abiria wasirukeruke. Uzito wa gari yenyewe, viti vikubwa, moteri ile, vyote vinakula kwenye nafasi ya mizigo yako.

Nilipokea moja hapa garaji, CrewMax, mwenyewe alikuwa anapakia mahindi kutoka shamba, gunia 20 kwa 20, hakuna siku alipunguza. Nilipoiingiza juu ya shimo nikaona resori ya kushoto jani moja limekatika katikati, kipande kimetokeza pembeni, na ile mupira wa kuzuia shasi isigonge aksi umepasuka kama mukate mukavu. Taa za mbele zilikuwa zinaangalia mbingu. Yeye alikuja kulalamika juu ya pine za nyuma zinakwisha mbio. Tukabadilisha resori, tukamuongezea majani, sawa, haikukata tena, lakini ujue majani ya kuongeza hayabadilishe ile karatasi ya mulangoni, aksi na rulma na freni vinabakia vile vile.

Kitu kingine juu ya kazi yako: CrewMax nyuma kwa mizigo iko na mita 1 na santimeta 68 hivi tu, maana nafasi wamewapatia watu wa kiti cha nyuma. Bati ya mita 3 itatokeza zaidi ya mita moja, na vyuma vya beto usiseme. Kuna ingine inaitwa Double Cab, ile iko na karibu mita 2, kidogo inafaa. Ndugu yako kama anapenda sana Tundra angalau atafute hiyo.

Sasa uzuri wake, maana gari hii iko na uzuri mukubwa na wenye wako nayo wanaipenda kwa kweli, sitaki uone ninaichukia. Ile moteri inaitwa 3UR-FE, nguvu za farasi 381, hiyo ni mara mbili na zaidi ya Hilux, inatumia cheni haitumie mukanda wa kukatika, na ukimwaga oili kwa wakati wake inakwenda kilometa nyingi sana bila kufunguliwa. Nimefungua moja yenye maili 210000, hiyo ni karibu kilometa 340000, ndani ilikuwa safi, kwenye silinda unaona bado ile mistari ya kiwandani. Na tena moteri hiyo hiyo iko kwenye Land Cruiser 200 ya 5.7 yenye walikuwa wanauzisha kwa Waarabu na kwenye Lexus LX 570, kwa hiyo piyesi za moteri toka Dubai zinapatikana, hautalala garaji miezi mitatu juu ya pompi ya maji. Wateja wangu wote wenye Tundra nikiwauliza wanaanza na hapo: kupita kamyo kwenye barabara ya Likasi. Unakuwa nyuma ya kamyo ya shaba, unaona nafasi, unakanyaga, imekwisha. Kwa mutu mwenye anafanya Lubumbashi–Kolwezi hiyo si anasa, mama, hiyo ni usalama, sababu ajali nyingi pale ni watu wenye gari dhaifu wanashindwa katikati ya kupita, kamyo ingine inakuja mbele. Kiti pia, shuka Kolwezi mugongo hauumi.

Kuvuta nako iko muzuri, tani 4 hivi na remoriki yenye freni zake. Na hapa njo ninaona njia yako kama moyo umekwisha kuipenda: simenti iende juu ya remoriki, isiende kwenye mugongo wa gari. Remoriki na simenti pamoja tuseme tani mbili, pale kwenye ndoano inakandamiza kama kilo 200, na hizo 200 nazo zinahesabiwa kwenye ile karatasi, lakini bado inaingia. Shida ni kurudi nyuma na remoriki kwenye avenyu zetu, shofere wako ajifunze kwanza, na remoriki isiyo na freni usikubali hata kama fundi wa kuunga vyuma anakuambia haina neno.

Esansi. Hii ni esansi (petroli), si mazuti (dizeli), na wengi wanasahau. Hesabu ya Wamarekani wenyewe kwa 4x4 hii ni lita 18 kwa kilometa 100 ndani ya muji na karibu 14 barabara kubwa. Ukiweka kamyo za njiani, kusimama peaji, klima, shofere mwenye muguu muzito, wewe hesabu 16. Kolwezi ni kilometa 300 hivi, kwenda na kurudi 600, lita 96, na tanki ya kawaida ni lita 100. Maana yake unaingia Lubumbashi na taa inawaka. Mara mbili kwa mwezi hiyo peke yake ni karibu lita 200, bado hujazunguka Kampemba na Ruashi kupeleka mizigo ya wateja, na ni pale muji njo inakunywa. Hilux yako ya mazuti ilikuwa inafanya 9, 10 ikibeba. Kaa chini na mwenye kukuandikia mahesabu, muweke bei ya esansi ya leo, muone kama faida ya simenti inabakia. Nimeona watu wawili wameiuzisha juu ya hiyo tu, gari haina ugonjwa hata mumoja.

Magonjwa yake ninayoyajua. Ya kwanza, pompi ya hewa ya kwenye ekzosi. Ukiwasha asubuhi moteri ikiwa baridi unasikia sauti kama mashini ya kufagia nyumba, njo hiyo, inapuliza hewa kwenye ekzosi ili moshi uwe safi. Valvu zake zinashika unyevu, zinakwama, halafu taa ya moteri inawaka, kompyuta inakata nguvu, ile V8 yako inakwenda kama pikipiki imechoka. Kodi za kosa kwenye kompyuta ukipima utaona P2440, P2441, P2442, P2443. Musimu wa mvua hapa ninazipata zaidi. Bei yake inauma, na ndugu yako akiwasha gari Dubai awashe asubuhi ikiwa baridi kabisa, muuzaji akiisha kuipasha moto hautasikia kitu. Ya pili ni mafuta yanavuja juu ya kichwa cha moteri, pale kifuniko cha kamshafti kinakaa, mara nyingi upande wa abiria, yanadondoka juu ya ekzosi na unasikia harufu ya kuungua ukisimama kwenye robo (taa za barabarani). Kuvuja yenyewe ni kidogo, kazi ya kuifunga ndio kubwa, unafungua kamshafti zote za upande ule. Ikiwa ni unyevu tu, mimi ninasema acha, ongeza oili, angalia. Ikidondoka, hapo tengeneza. Ya tatu pompi ya maji, utaona chumvi ya rangi ya roza imekauka chini yake, hiyo si kazi kubwa.

Shasi yake nyuma iko wazi, haijafungwa kama boksi, kwa hiyo kule kwa mizigo kunatikisika tofauti na kabini, wenye wametoka kwenye gari zingine wanashangaa. Haivunjike, ni tabia yake. Kwenye matope ujue nyuma ikiwa tupu iko nyepesi inateleza, na hawakuipatia difu ya kufunga nyuma (ile ya kulazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja) kutoka kiwandani, inategemea kompyuta kukamata freni ya gurudumu linalozunguka bure. Kwa lami na njia ya kawaida inatosha. Kwa mashamba ya ndani mwezi wa pili, Land Cruiser 79 itaipita na kuitolea mukono.

Upana ni mita 2 na santimeta 3, bila vioo. Mulango wa depo yako unapima ngapi? Pima leo. Urefu mita 5.81.

Kuna kitu kimoja watu wanapenda sana, kile kioo cha nyuma cha kabini kinashuka chote, unabonyeza tu. Watoto wanafurahi, hewa inapita. Lakini kwenye vumbi usikishushe, maana gari ikikimbia vumbi linavutwa kutoka nyuma linaingia ndani, nilipigwa hivyo siku moja nikijaribu gari ya muteja, tukafika wote wekundu mpaka kwenye kope, mwenye gari akalazimika kuosha viti.

Pine na jante: tundu ni 5 kwa 150, sawa na Land Cruiser 100, 200 na 79, kwa hiyo jante za 200 za 18 zinaingia. Za 79 za 16 tundu zinakubali lakini disiki ya freni ya mbele iko kubwa, jante haipite. Mutu atakuuzishia akisema "tundu ni zile zile", umwambie hapana. Na vitu vya mwili, taa, bampa, fenda, milango, hivyo ni vya Tundra peke yake, si vya Hilux wala Land Cruiser, ukigongwa utaagiza mbali.

Juu ya zingine za Marekani: Ford F-150 yenye V8 ya 5.4 ya 2004 mpaka 2008 ikimbie, buji zinakatikia ndani ya kichwa. Ram yenye moteri ya Hemi sauti yake tamu lakini ikianza kugongagonga tiki tiki, mara nyingi ni kamshafti. Na Tundra mupya ya kuanzia 2022 haina V8 tena, ni V6 yenye turbo mbili, mwaka 2024 Toyota wenyewe waliita zirudi garaji karibu gari 102000 za 2022 na 2023, Lexus LX ndani yake, juu ya vipande vya chuma vilibakia ndani ya moteri kiwandani. Ukiuzishiwa hiyo bei ya chini, jua sababu.

Kwa simenti ya kila siku mama, mimi ningekuambia Land Cruiser 79 kabini moja, au hata kamyo ndogo ya tani 3 kwa kazi, na Hilux uitengeneze kwa safari. Tundra ingekuwa yako kama kazi yako ni Kolwezi kila wiki na kuvuta mashini.

Lakini kama ndugu yako ameisha kutoa neno kwa muuzaji, mbele ya kutuma feza anitumie picha nne. Ile karatasi ya mulangoni. Namba ya shasi, inapaswa kuanza na 5TF na herufi ya 10 iwe E, hiyo E njo 2014, ikiwa D amedanganywa mwaka. Picha ya chini ya shasi nyuma karibu na pine ya akiba, maana zenye zimeishi kwenye barafu kule wanamwaga chumvi barabarani na chuma kinakula. Na mukanda wa kiti cha shofere uvutwe wote mpaka mwisho, apige picha kile kipande cha mwisho chenye hakitokeke kila siku, kama kiko na alama ya tope au maji gari ilizama, na hapo hata akipunguza bei nusu asiichukue.