Kuimarisha springi na shokapu bila kushusha gari

Ndugu, umeuliza namna ya kuimarisha gari dogo lipite njia za mawe bila kulishusha. Kabla ya kununua chochote, ingia uvunguni: bushi (mpira wa kwenye viungo vya springi na mikono ya gurudumu) iliyopasuka au bol jointi (kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu) inayocheza itakula hata shokapu mpya. Kisha funga springi ngumu kidogo, ndefu kwa sentimita 2 hadi 3, na shokapu zinazolingana nazo, jozi kwa jozi. Usizidishe hapo, ekseli zikiinama sana, buti za jointi (mifuko ya mpira inayofunika viungo vya ekseli) huchanika, grisi ikamwagika, mchanga ukaingia. Spesa, vipande vinavyowekwa kwenye springi? Zinainua tu, haziimarishi. Bolti za bushi zikaze gari likiwa limesimama kwa magurudumu, la sivyo mpira hubaki umesokotwa na kupasuka mapema. Halafu peleka alaimenti (kunyoosha magurudumu), tairi zisiliwe upande.