Jibu: Je, anayetamba mtandaoni ndiye atakayeshinda urais?

Ndugu, umeuliza iwapo mgombea anayetawala mijadala ya kisiasa mtandaoni anaweza kuhesabiwa kuwa mshindi wa urais. Kwa maoni yangu hapana, na mfano ulio wazi zaidi ni wa Howard Dean, aliyewania kuteuliwa na chama cha Democratic kugombea urais wa Marekani mwaka 2004. Mwaka 2003 wafuasi wake waliokutana kupitia intaneti walimchangia kidogo kidogo, hata katika robo ya tatu ya mwaka huo akakusanya karibu dola milioni 15, kiasi ambacho hakuna mpinzani wake ndani ya chama cha Democratic aliyekikaribia. Lakini tarehe 19 Januari 2004, wanachama wa Iowa, jimbo lililotangulia kumchagua mgombea wa chama, walipokutana kupiga kura, alishika nafasi ya tatu, nyuma ya John Kerry na John Edwards. Maelfu ya vijana walikuwa wamesafiri kutoka majimbo mengine kwenda kumpigia kampeni huko, ila wenye kura walikuwa wenyeji.

Hata hivyo, nakusihi usiidharau nguvu hiyo, kwani njia ile ya michango midogo ndiyo aliyoipanua Barack Obama mwaka 2008. Unapowatazama wanaomshangilia mgombea wako, chunguza kwanza ni wangapi kati yao wamejiandikisha kupiga kura katika majimbo yanayotangulia kumchagua mgombea wa chama.