Mvua, upepo wa ziwa na kilomita 120 za peke yako

Aprili, miaka mitatu iliyopita, nilisimama kando ya barabara ya Musoma nikirudi Mwanza kutokea Magu, kilomita chache kabla ya Nyanguge, tairi la nyuma la baiskeli yangu likiwa limelala. Mvua ilikuwa imekatika. Nilikuwa na tyubu mpya, pampu na vyuma vya kubandulia tairi, kazi ya dakika kumi tu. Lakini kile kifuniko cha valvu, kile cha plastiki kilicho kidogo kama punje ya harage, kilinishinda. Nilikiona kwa macho kikiwa kati ya kidole gumba na cha shahada, ila vidole havikuniambia kwamba nimekishika. Nikajaribu kwa meno, na meno yenyewe yalikuwa yanagongana. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi ng'ambo ya barabara akaniita, "Mwanangu, njoo kwanza huku motoni. Hiyo pancha itakusubiri." Nilikaa kwenye jiko lake karibu nusu saa ndipo mikono ikarudi kuwa yangu.

Nasimulia hili kwa sababu vijana wengi wanaoanza mazoezi ya masafa marefu hapa Mwanza huniuliza kuhusu gia na tairi, lakini kuhusu baridi hakuna anayeuliza. Tunaamini baridi ni mambo ya Mbeya na Njombe. Ni kweli, hapa kwetu hata kipupwe cha Juni na Julai alfajiri huwa ni nyuzi 15 au 16 hivi. Siku ile haikufikia hata hapo. Kilichoniumiza ni maji na mwendo vikikutana. Maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa, kama mara 25. Halafu ukienda kilomita 30 kwa saa, hata kama jani halitikisiki mtini, wewe unapigwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa kifuani na vidoleni. Ongeza mteremko, ambapo miguu haifanyi kazi na kasi imepanda, ndipo joto ulilotengeneza kwenye kilima linapotoka lote.

Kosa langu halikuwa kunyeshewa. Mvua ilinikuta baada ya Nyanguge nikaendelea hadi Magu nikiwa na joto zuri, kwa sababu misuli ikifanya kazi hutoa joto jingi. Kosa nililifanya Magu. Nilikaa mgahawani dakika 40 nikiwa na nguo mbichi, nikanywa chai, nikapiga soga, nikatoka nje nikiwa nimepoa kama chuma. Tangu siku ile nina kanuni moja ninayoifuata bila kujadiliana na nafsi yangu: nikiwa nimelowa, sikai. Ama nabadilisha nguo ya juu kwanza, ama naagiza chai naimeza nikiwa nimesimama na kuondoka ndani ya dakika kumi. Jezi kavu ya akiba ina uzito mdogo. Ifunge kwenye paketi tupu ya sukari au ya unga, ile ya nailoni ngumu, maana mifuko ya plastiki ya sokoni ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na ile mbadala ya kitambaa inapitisha maji.

Peke yako hatari inaongezeka kwa namna ambayo watu hawaifikirii. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 ni suala la hospitali, na kabla ya hapo mwili hutoa ishara: kutetemeka usikoweza kukuzuia, mikono kuwa mizito, maneno kujikwaa, na kisha akili kuanza kuamua vibaya. Mkiwa wawili, mwenzako atakwambia, "Kaka, leo tusiende mbele." Ukiwa mwenyewe, kichwa kinachotakiwa kutambua tatizo ndicho kilichoanza kupoa. Kwa hiyo maamuzi yafanye nyumbani, ukiwa mkavu. Mimi huamua kabla ya kutoka ni wapi nitageuza mvua ikinikuta, na humwachia mke wangu ratiba kwa saa: Kisesa saa fulani, Nyanguge saa fulani, Magu saa fulani. Saa moja ikipita bila ujumbe, anapiga. Simu haipokelewi, anajua pa kuanzia.

Pamoja na hayo yote, bado naendesha peke yangu, na ninakushauri ufanye hivyo walau mara moja kwa wiki. Katika kundi, kilomita 100 unaweza kuzipita ukiwa umejificha nyuma ya migongo ya wenzako, na kila anayepita mbele anakuvuta kwenda kasi isiyo yako. Pumzi ya masafa marefu hujengwa kwa mwendo wa taratibu unaodumu saa nyingi, mwendo ambao mwili hujifunza kutumia mafuta yake kama nishati na misuli huongeza mishipa midogo ya damu. Kipimo changu ni sauti. Kama siwezi kusema sentensi nzima bila kuhema, naenda kasi mno. Barabarani peke yangu huwa naimba, na wimbo ukikatika nashusha gia.

Asubuhi ya baridi anza kwa gia nyepesi dakika 20 za mwanzo. Magoti yaliyopoa hayapendi nguvu. Ukitoka nyumbani unapaswa kuhisi baridi kidogo. Ukitoka ukiwa na joto tamu la koti zito, ukifika Igoma umeshalowa jasho, na jasho ni maji kama maji mengine, litakugeuka kwenye mteremko wa kwanza. Nguo ya pamba kifuani iache kabisa. Fulana ya pamba ikilowa inakaa na maji siku nzima, wakati jezi ya polista hukauka mgongoni.

Kuna mbinu ya zamani ninayoipenda sana, nayo ni gazeti. Waendesha baiskeli wa Tour de France, yale mashindano makubwa ya Ufaransa, wamekuwa wakipokea magazeti kutoka kwa watazamaji juu ya milima na kuyasokomeza kifuani ndani ya jezi kabla ya kuteremka. Karatasi inazuia upepo na inafyonza jasho. Gazeti la jana lipo kwenye kila kijiwe kuanzia Buhongwa hadi Bunda, na likilowa unalitoa unaingiza jingine. Kwa mikono, nunua famasi jozi mbili za glovu nyembamba za hospitali, uzivae ndani ya glovu zako za kawaida. Ninaandika haya nikikumbuka kile kifuniko cha valvu.

Chakula ndicho kinachowaangusha wengi. Baridi inapunguza hamu ya maji, mtu anakwenda saa tatu na chupa imejaa, huku jasho linatoka na upepo unalikausha kabla hajaliona. Kunywa kwa saa, usisubiri kiu. Kula pia kwa saa. Akiba ya sukari kwenye misuli na ini haivuki sana saa mbili za kazi nzito, na kutetemeka nako kunaila. Safari ikizidi saa mbili, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ina kama 25. Lakini mimi mfukoni nabeba matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, kukatwa na kuanikwa. Bibi zetu wa Kisukuma walivihifadhi kwa ajili ya kiangazi. Havivuji, havipondeki, na utamu wake unatoka polepole mdomoni wakati unaendelea kukanyaga. Usivichanganye na michembe, ambayo hukaushwa ikiwa mbichi na inataka kupikwa kwanza. Vitafune kidogo kidogo ukiwa kwenye tambarare, na maji pembeni.

Baiskeli yenyewe: punguza upepo kidogo kwenye tairi siku ya mvua, kaa mbali na michirizi ya rangi barabarani, na uogope zaidi dakika za kwanza za mvua baada ya siku za jua, maana mafuta ya malori huelea juu ya lami. Breki za kubana rimu zikilowa hazishiki mara moja. Zibane kidogo kidogo mapema ili zifute maji. Ukifika nyumbani futa cheni na uitie oili kabla hujaoga, vinginevyo kesho yake utakuta kutu.

Radi sina mjadala nayo. Ziwa letu ni kati ya maeneo yenye radi nyingi, na dhoruba nyingi hujikusanya juu ya maji usiku hadi alfajiri. Kabla ya kutoka naangalia upande wa ziwa. Nikiona mwanga unapigapiga kule, narudi kulala saa moja zaidi. Zikinikuta njiani naingia kwenye jengo, siendi chini ya mti. Na kadiri jua linavyopanda, upepo wa ziwani huingia nchi kavu, hivyo ukirudi kutoka Magu mchana mara nyingi utaupokea usoni. Bakiza nguvu. Nusu ya pili ya safari hiyo ni ndefu kuliko ya kwanza.

Nilianza na Kisesa na kurudi, kama kilomita 35, nikakaa hapo mwezi mzima. Nikaenda Nyanguge, kisha Magu na kurudi, 120. Mwaka huu nataka Musoma, kama 220 kwa siku moja, na kurudi kwa basi. Ukipita Lamadi kuelekea Bunda barabara inapakana na hifadhi ya Serengeti, na nyani hukaa pembeni wakingoja mtu mwenye chakula mkononi. Hapo usipite gizani na usisimame kula. Mimi nitakula Lamadi, nitabadilisha jezi kama imelowa, nitajaza chupa zote mbili, na sitashusha mguu mpaka Bunda.