Kihamba cha Bibi na Ripoti ya Chuo

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya kilimo, mwaka wa pili. Muhula huu tunasoma uhuru wa chakula na maarifa ya asili ya mazingira, na mwalimu ametutaka kila mmoja aandike ripoti kuhusu mfumo wa kilimo wa jamii yake. Nimechagua kihamba cha bibi yangu, yaani shamba la asili la Wachaga linaloizunguka nyumba, lakini wenzangu wananicheka, wanasema hayo ni mambo ya kizee yasiyo na sayansi. Je, uhuru wa chakula una tofauti gani na usalama wa chakula tuliosoma mwaka jana? Nami niandikeje ili ripoti ikubalike kitaaluma?
Mwanafunzi, Kilimanjaro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako wamechelewa kucheka. Mwaka 1984 watafiti watatu, akiwamo Jumanne Maghembe ambaye baadaye alikuja kuwa waziri, walichapisha uchunguzi wa vihamba vya Wachaga na kuonyesha kuwa vina zaidi ya aina 100 za mimea. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliitambua Shimbwe Juu, iliyo katika mteremko huohuo wa mlima wenu, kuwa miongoni mwa mifumo ya urithi wa kilimo yenye umuhimu duniani.

Usalama wa chakula huuliza kama watu wanacho chakula cha kutosha, kilicho salama, wakati wote. Familia inayoishi kwa mchele wa msaada inaweza kuhesabiwa kuwa imetimiza sharti hilo. Uhuru wa chakula huenda mbele zaidi na kuuliza nani aliamua kipandwe nini, mbegu ni ya nani, na ardhi na maji viko chini ya mamlaka gani. Dai hilo lilifikishwa Roma mwaka 1996, wakati wa Mkutano wa Dunia wa Chakula, na harakati ya wakulima iitwayo La Via Campesina, kisha likapewa tamko lake Februari 2007 huko Sélingué, nchini Mali. Hapa kwetu MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanzishwa mwaka 1993 na wenye makao yake Morogoro, ni mwanachama wa harakati hiyo, na kaulimbiu yake, “Mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe”, inalieleza jambo hili vizuri kuliko vitini vingi nilivyopata kuviona.

Sasa ingia kihambani. Juu kabisa utakuta mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na karibu na ardhi magimbi na mboga, huku viazi vikuu vikipanda juu ya miti. Ng’ombe yuko zizini, analetewa majani na maganda ya ndizi, na samadi yake inarudi kwenye migomba. Usiishie kuorodhesha. Bibi akikataa mruka usikatwe, muulize sababu, uiandike kwa maneno yake, kisha uipime: chukua joto na unyevu wa udongo chini ya mti ule na pale penye jua, na ukumbuke kwamba mruka ni wa jamii ya mikunde, ambayo huurutubisha udongo kwa naitrojeni. Halafu fuata mfongo, yaani mfereji wa asili unaoleta maji, ujue nani hupanga zamu, nani huitwa kuuzibua, na asiyetokea hutozwa nini.

Nasisitiza mfongo kwa sababu hapo ndipo maarifa yanapokutana na mamlaka, na bila mamlaka maarifa hubaki masimulizi. Wasukuma wana ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na maeneo hayo, ngitili nyingi zikapotea, ingawa wazee hawakusahau namna ya kuzitunza. Baada ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kuanza mwaka 1986 na kukubali kwamba ngitili ni za wanavijiji, na kwamba sheria zao za kimila, zikiwamo zinazopitishwa katika dagashida, yaani mkutano wa kimila wa jamii, zina nguvu, ngitili zilirudi na kufikia maelfu kwa maelfu ya hekta. Aliyewafundisha kuzitunza hakuwa bwana shamba.

Wala usikipambe kihamba. Kwa desturi hurithiwa na watoto wa kiume, hugawanywa hadi kubaki kipande, na mara nyingi mwanamke anayekihudumia kila siku hana kauli juu yake. Hilo nalo ni suala la uhuru wa chakula, liandike. Mwombe bibi ruhusa kabla ya kuandika, hasa kuhusu dawa za miti, mtaje kama chanzo akiridhia, na umsomee ripoti kwa lugha ya nyumbani kabla ya kuikabidhi chuoni, maana atakusahihisha.

SWALI: Kikundi chetu cha wanafunzi kimekusanya mbegu za asili za maharage kwa wakulima wa Mbinga. Je, tunaweza kuziuza?
Msomaji, Ruvuma

JIBU: Msikimbilie kuuza. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu ya biashara iwe imethibitishwa, na kazi hiyo inasimamiwa na TOSCI, taasisi ya taifa ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Upo pia utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa, yaani mbegu ambazo mzalishaji mwenyewe hutangaza ubora wake, ambao wakulima wadogo hutumia, lakini mbegu ya asili mara nyingi hukwama kwenye usajili wa aina, kwa kuwa usajili hutaka punje na mimea ifanane, ilhali nguvu ya mbegu hiyo ni mchanganyiko wake. Binafsi naona kigezo hicho kinamwonea mkulima. Jirani zetu wa Kenya walilipeleka suala kama hilo mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vilivyowazuia wakulima kuhifadhi na kubadilishana mbegu za asili.

Kwa sasa andikeni jina la kila aina, kijiji ilikotoka, aliyewapa na namna anavyoilima, na kama ilitoka kwenye ngoro, kwa sababu mbegu iliyozoea mashimo yale ya miteremkoni huenda isifanye vizuri kwenye matuta ya kawaida. Rudisheni sehemu kwa wenyewe, na wakiridhia, pelekeni sampuli benki ya taifa ya nasaba za mimea iliyoko Arusha. Kuhusu mauzo, mwoneni kwanza afisa kilimo wa kata.